Magugu Thelathini na Moja ya Pitchou

Ukifika Kasongo na nywele zimekushinda, usiulize kinyozi anayejua kunyoa. Wapo wengi, na wengine wanajua kweli. Uliza kinyozi mwenye majani. Hata mlevi wa saa mbili asubuhi atakunyooshea kidole bila kukosea: teremka, pita kisimani, na baraza itakayokupokea kwa kijani kabla mwenyewe hajakupokea kwa maneno, hiyo ndiyo ya Pitchou.

Majani yenyewe ni fujere. Unayajua hata kama jina lake hulijui: yale ya bondeni na ya chini ya miti mikubwa, yasiyo na ua wala tunda, ambayo jani lake changa huzaliwa limejikunja kama mkia wa kinyonga anayefikiri. Kila mtu wa Maniema ameyakanyaga, ameyafyeka kwa panga, ameyatandika chini ya samaki. Ni Pitchou peke yake aliyeyaokota, akayatia kwenye vyombo na kuyapa majina.

Alianza na kopo moja. Baada ya miaka mitatu alikuwa na fujere thelathini na moja: kwenye makopo ya maziwa ya unga, kwenye bidoni zilizokatwa katikati, kwenye beseni zilizotoboka na sufuria mbili zilizostaafu. Mlangoni alisimama Kapita, mrefu, anayechunguza kila anayeingia. Juu ya dirisha walining'inia Mapacha. Na katikati ya baraza, ndani ya kinu cha zamani cha bibi yake, alitawala Mama Mukubwa, mwenye majani marefu kama mikono ya mtu anayebariki. Kinu hicho kilipasuka kitako siku walipotwanga mupunga wa arusi ya mjomba. Bibi Régina alitaka kukifanya kuni. Pitchou akakipigia magoti.

"Chombo kilichotoboka chini njo ninachotaka, Bibi. Fujere inapenda maji, lakini haipendi kusahauliwa bafuni."

Chupa ya kupulizia maji ilikuwa moja tu. Ilipuliza kichwa cha mteja, ikageuka ikampuliza Kapita, ikarudi kwa mteja.

"We Pitchou, kati yangu na jani, nani amekuja kunyolewa?"

"Wote wawili. Lakini yeye hatikisiki."

Mikasi pia ilifanya kazi mbili. Jani likikauka, Pitchou alilikata karibu kabisa na udongo, kwa sababu, alisema, jani kavu ni kama mvi: ukiliacha moja, linaita ndugu zake. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara lilipotanda, aliyafuta majani mapana kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, moja moja, huku wateja wakingoja na povu kidevuni. Diploma yake ya sekondari ilikuwa na asilimia hamsini na mbili, na mwenyewe alikiri kwamba hamsini zilikuwa za biolojia na mbili za huruma.

Kasongo walimcheka, kisha wakaja kumwazima. Pasaka, fujere za Pitchou zilisimama pande mbili za altare. Maulidi ilipofika, zilisimama mlangoni mwa msikiti. Bibi Régina alisema majani yale yana dini mbili na hayajawahi kugombana, wakati yeye mwenyewe na shemeji yake wana dini moja na hawasalimiani. Pitchou alikuwa akizisindikiza mwenyewe na mkokoteni, kifua mbele, kama baba anayewapeleka watoto kubatizwa.

Aibu yake ilikuwa moja tu, naye aliificha nyuma ya mlango kama familia inavyomficha mjomba anayekunywa. Iliitwa Seneta. Seneta alikaa kwenye chungu cha udongo, chungu kizuri, cha tumbo, nacho kilikuwa zawadi ya Bibi. Lakini tangu mwezi wa tatu ncha za majani yake ziliungua, zikawa za kahawia, kama mtu aliyewasha sigara upande usiowashwa. Pitchou alimsogeza kivulini, akamrudisha kwenye mwanga, akamwongezea maji, akampunguzia. Seneta aliungua tu.

Sasa, mwanamume mwenye fujere thelathini na moja na diploma, kilichobaki ni mke.

Aurélie alitoka Wamaza, upande wa Kabambare, akaja Kasongo kusomea uuguzi. Siku ya kwanza aliingia barazani kujikinga na mvua, akamkuta kinyozi anamwagilia.

"Mvua hii yote, na wewe unamwaga maji?"

"Hawa wako chini ya bati, dada. Hawajui kama mvua inanyesha. Nani atawaambia?"

Aurélie alicheka mpaka mvua ikakatika, naye hakuondoka. Hiyo ilikuwa miezi minane nyuma. Lakini baba yake, Mzee Emile, alikuwa mkulima wa mihogo na karanga ambaye hakuamini mkono usio na sugu.

"Kinyozi?" alisema kwenye simu. "Nywele ni za watu. Yeye mwenyewe anaotesha nini?"

"Ana mimea thelathini na moja, Baba. Anaimwagilia kila asubuhi kwa mkono wake."

Mzee akasikia michikichi. Aurélie hakusema uongo. Alinyamaza tu mahali pazuri. Na Mzee Emile akatoa hukumu: "Shangazi yako Émérance atakuja kuona. Akisema shamba lipo, kijana alete wazee wake. Akisema halipo, arudie nywele zake na wewe urudie vitabu."

Shangazi Émérance alifika Jumamosi ya mwezi wa saba, saa tisa mchana, nyuma ya pikipiki ya Djafari, ambaye ni rafiki wa Pitchou na hupakia abiria njia ya Kabambare. Alikuwa mwekundu wa vumbi toka kilemba hadi kisigino. Mgongoni, pale ambapo wanawake wengine hubeba mtoto, alikuwa amefunga jembe.

"Karibu, Shangazi. Safari?"

"Safari iko barabarani, tumeiacha kule. Shamba iko wapi?"

Pitchou alikuwa ametayarisha hotuba. Alilitazama lile bapa la jembe, limeliwa na udongo mpaka likang'aa kama kisu, na hotuba ikamtoka kichwani ikaenda zake. Akasogea kando tu ili Shangazi aione baraza.

Shangazi aliitazama. Alianza kwa Kapita, akapita kwa Mama Mukubwa, akamalizia kwa Mapacha. Uso wake ukajaa huruma.

"Hapa umekosa nafasi ya kufyeka," alisema taratibu. "Si kitu, mwanangu. Kijana mwenye kuishi bila mke, ndivyo inakuwaka. Na shamba?"

Djafari akakohoa, akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Na Pitchou, ambaye mji mzima ulijua hajawahi kukosa jibu, akafungua kinywa, kinywa kikamsaliti.

"Iko... ng'ambo ya mto kidogo, Shangazi. Kesho."

Djafari akamvuta nyuma ya nyumba. "Umeshaingia, usitoke! Ng'ambo kuna karanga za mjomba wangu. Kesho Jumapili yeye anaenda soko la Nyangwe. Saa moja ninawavusha. We unashika jembe, unakunja uso kama mulimi, basi. Umeoa."

"Na akiniuliza nimepanda lini?"

"Sema zamani. Karanga hazina cheti cha kuzaliwa."

Jioni, Pitchou alipita mbele ya fujere zake bila kuzipulizia maji, kama mtu aliyemkana ndugu yake mbele ya watu. Mgeni alipokwenda kuoga, Bibi Régina alisogeza sahani ya bukari, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, akamtazama mjukuu wake, ambaye tangu utotoni anamwita bwana yake.

"Bwana yangu, nimesikia habari ya ng'ambo."

"Bibi, ni kitu kidogo."

"Ninakuhesabia. Mke wako wa kwanza ni mimi. Wa pili ni majani yako. Aurélie njo wa tatu. Leo umemukana wa pili. Kesho wa tatu atalala usingizi namna gani?"

Pitchou akamega bukari. Akalirudisha tonge sahanini.

Kulipokucha, akaota mtu analima. Kwa! Kwa! Kwa! Akageuka upande wa pili. Kwa! Kwa! Ndoto haina jembe lenye sauti hiyo. Akatoka mbio, bukta imegeuka mbele nyuma.

Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya fagio ilionekana kama nywele zilizochanwa. Barazani, Shangazi Émérance, kitenge amekikaza kiunoni, jembe amelishika karibu na bapa kama kijiko, alikuwa anamtoa Pacha mmoja kwenye kopo. Nyuma yake vyombo kumi na nane vilikuwa vitupu, udongo umelainishwa juu vizuri kama kitanda cha hospitali. Kinu pia. Mama Mukubwa hakuwemo. Kwenye kona ya uwanja, juu ya maganda ya mihogo, palikuwa na kilima cha kijani.

"Umeamka, mwanangu?" Shangazi alitabasamu, jasho likimtiririka. "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Mimi ya tatu sikuingoja. Vyombo vizuri namna hii umeviacha vijae magugu! Nimekupandia lengalenga, mbegu za kwetu. Wiki tatu, unachuma."

Akafungua pindo la kitenge, akaonyesha mbegu ndogo nyeusi za mchicha huo zilizobaki, kwa fahari ya mtu aliyekuja na zawadi.

Hapo ndipo palipouma. Kule Wamaza mwanamke aliyelelewa vizuri haamki kwa watu akakaa na kungoja chai huku magugu yanamtazama. Kukulimia uwanja ni kukuheshimu kuliko kukusalimia kwa mikono miwili. Pitchou alilijua hilo. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, akamkosa.

Bibi Régina akatoka, akaona, akaanza kucheka. Alipomwona Pitchou uso, kicheko akakimeza. Na wakati huohuo Djafari akaingia na pikipiki, kofia kichwani, ameng'aa.

"Haya, wakulima! Tayari kwa karanga?"

Pitchou alimtazama Djafari, akautazama ule mlima wa kijani, akalitazama jua lililokuwa bado nyuma ya bati la jirani.

"Zima pikipiki, Djafari. Hatuendi." Akamgeukia mgeni. "Shangazi, jana nilikufunga bongo, nilikudanganya. Ng'ambo sina hata shina moja. Karanga ni za mjomba wake. Shamba yangu njo hii. Yale uliyong'oa."

Jembe la Shangazi likashuka pole pole mpaka likagusa chini.

"Magugu?"

"Fujere."

"Mwanangu." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba dada yake ameonekana na mume wa mtu. "Sisi hii ikiota shambani, tunahama. Inatuambia udongo umechoka."

"Najua, Shangazi. Ninyi mnahama. Na udongo uliochoka, nani anabaki nao? Hii tu. Inaukalia, inauwekea kivuli mpaka unapona. Halafu ninyi mnarudi na mapanga kuishukuru."



"Jua likipita lile bati, zinakufa," Pitchou aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imesimama wima. "Lakini bado hazijafa. Wewe umenyoa tu. Ngozi ya kichwa iko. Umezing'oa kama fundi, na udongo wake, hukukata mzizi. Mtu wa mjini angezivuta kwa nywele. Nisaidie kuzirudisha. Kisha uende useme kwenu unachotaka."

Shangazi Émérance alimtazama kijana aliyesimama mbele yake na bukta iliyogeuka. Halafu akaikunja mikono ya blauzi juu ya viwiko.

"Tuanze wapi?"

Walianza na magunia. Pitchou aliyalowesha, akayatandika kivulini, Djafari akahamisha fujere kutoka jalalani akizibeba mbili mbili kama vifaranga, akiomba radhi kwa kila moja. Mama Mukubwa alipofika, Pitchou alimgeuza, akamwonyesha Shangazi shina lake la chini: nene, lenye manyoya ya kahawia, kama kidole cha nyani, na juu yake vichwa vidogo vilivyojikunja vikingoja zamu.

"Uhai uko hapa. Majani yote yakivunjika, hii ikiwa mbichi, hajafa. Umrudishe, lakini usimzike shingo. Muhogo unaulaza, unaufunika, unaota. Huyu ukimfunika shingo anaoza."

Shangazi akachota udongo wa kinu, akaufinya, akaufungua. Ukashikana, kisha ukavunjika wenyewe.

"Umechanganya nini humu?"

"Majani yaliyooza ya msituni, mchikichi uliooza, makaa niliyoyaponda, na mchanga wa mto. Uwe kama bukari ya mvivu: unashikana, lakini ukiugusa unavunjika."

"Bukari ya mvivu," Shangazi alirudia, na mdomo wake ukacheza kidogo. "Na maji? Kila siku?"

"Ninatia kidole mpaka kifundo cha kwanza. Kukiwa kukavu, ninampa. Kukiwa na unyevu, ninamuacha hata akinililia. Majani yakiwa ya njano na udongo umelowa, njo nimemnywesha kupita. Yakiwa meupe-meupe, jua limemchoma. Na yule pale mwenye umbo la bakuli, simwagii katikati. Ninapita pembeni. Ukimjaza maji moyoni, anaoza moyo."

"Kama watu wengine," alisema Bibi Régina kutoka mlangoni, akimlenga shemeji yake bila kumtaja.

Kuanzia hapo Shangazi hakuwa msaidizi tena, alikuwa mkaguzi. Aliokota jani la Kapita, akaligeuza, akapiga ukelele wa ushindi. Nyuma ya jani kulikuwa na madoa ya kahawia.

"Aha! Hii inaumwa. Ina upele."

"Tazama yalivyokaa, Shangazi. Huku mstari, huku mstari, sawasawa, kama mihogo yako. Mdudu hapandi kwa mstari. Hizo ni mbegu zake. Huyu hana ua, anazalia mgongoni. Sasa tazama na hii." Akachukua jani la fujere ya beseni. "Haya yametawanyika ovyo. Paruza kwa ukucha."

Shangazi akaparuza. Doa likabanduka, nyuma yake unyevu unaonata.

"Mdudu!"

"Mdudu. Huyo ninamfuta kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo, halafu namsuuza mgonjwa. Ninamtenga na wenzake wiki mbili."

Shangazi akaendelea kupima majani mengine peke yake, akinong'ona: mbegu, mbegu, mdudu, mbegu. Hakukosea hata mara moja, na Pitchou alijikuta anajivunia kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake wa kwanza ana umri wa miaka sitini.

Jua lilipogusa ukingo wa bati, kumi na nane zilikuwa zimekaa mahali pake. Djafari alikimbia na ya kumi na tisa mkononi, akajikwaa, akapiga goti, fujere juu kama kombe la mpira. Haikuanguka. Ikapandwa. Wote wanne wakarudi nyuma hatua moja kutazama, na baraza iliyonyolewa ikawatazama pia: vipara vingi, majani machache yaliyovunjika, lakini kila shingo juu ya udongo.

"Na yule unamficha?" Shangazi aliuliza.

Pitchou alifuata kidole chake. Mlango ulikuwa umefunguka wote, na nyuma yake Seneta, na aibu zake zote.

Angeweza kusema kwamba ni aina yake, huzaliwa ameungua. Wateja wangeamini. "Huyo ameniangusha," alisema. "Miezi minne. Nimejaribu yote. Simjui anaumwa nini."

Shangazi Émérance akapiga goti. Hakugusa majani. Alipitisha kidole kwenye tumbo la chungu, pale penye ukungu mweupe ambao Pitchou alikuwa akiufuta kila wiki akidhani ni chokaa ya maji. Akanusa. Kisha akachota punje ya udongo, akaiweka ulimini, jambo ambalo kwenye masomo yote ya biolojia Pitchou hakuwahi kumwona mwalimu akilifanya.

Akatema.

"Chungu hiki kilikuwa cha nini?"

"Samaki," alisema Bibi Régina, na sauti ikapungua njiani. "Samaki wa chumvi. Miaka mingi. Lakini nilikiosha, mi na mikono yangu!"

"Wakati wa vita chumvi haikufika kwetu," Shangazi alisema, akijipangusa ulimi. "Tulichoma majani ya bwawa, tukachuja majivu, tukachemsha. Chungu kilichokaa na chumvi, hata ukikiosha mara kumi, kinatoka jasho jeupe. Kila ukimpa maji huyu, chungu kinamnywesha supu ya samaki. Hana ugonjwa. Ana kiu."

Pitchou akakaa chini. Miezi minne. Alimtazama Seneta, akamtazama Bibi yake, akamtazama mwanamke huyu aliyekuja na jembe mgongoni, na akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyetolewa mwiba. Walimtoa Seneta chunguni, wakamwosha mizizi kwa maji ya mvua yaliyowekwa kwenye pipa, wakamkata ncha zilizoungua, wakampa kopo jipya na bukari ya mvivu. Shangazi alimpanda mwenyewe. Shingo hakuizika.

Alikuwa bado na udongo viganjani simu yake ilipolia. Kule Wamaza mtandao uko juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shule, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba Mzee Emile amesimama juu ya kichuguu baada ya ibada, na nusu ya kanisa imesimama chini yake. Shangazi akamwambia Djafari abonyeze spika. Sauti ikajaa baraza.

"Émérance! Shamba iko?"

Pitchou akashika ukingo wa kinu. Bibi Régina akashika shanga zake.

"Iko," alisema Shangazi.

"Ya nini?"

Shangazi aliitazama baraza kutoka mwanzo hadi mwisho, vipara na vyote.

"Magugu."

Djafari akafumba macho.

"Umesema?"

"Magugu, kaka, thelathini na moja. Unisikilize vizuri, usije ukaanguka. Magugu yake yanalelewa kuliko mihogo yako. Kumi na tisa nimezing'oa mimi, kwa mkono wangu, nikidhani nasaidia. Hajaniinulia sauti. Alinidanganya jana, leo amekuja mwenyewe kunieleza, na bukta imegeuka. Na zote amezirudisha udongoni kabla jua halijapita bati. Mtu anayejua kutunza kitu ambacho sisi wote tunakifyeka, utamuogopea nini mtoto wako mikononi mwake?"

Mzee Emile alifikiri.

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Sasa yana kazi gani?"

"Na ndevu zako, kaka, zinaliwa?"

Kicheko kilitoka chini ya kichuguu, cha nusu ya kanisa, kikapanda, kikamkuta Mzee juu, na hatimaye hata yeye akakishika. Alipomaliza kukohoa akasema neno moja, na lile ndilo ambalo Aurélie, aliyefika dakika hiyohiyo kutoka misa na Biblia kwapani, alilisikia akiwa mlangoni:

"Alete wazee wake."

Aurélie hakumkumbatia mtu. Shangazi alikuwa anatazama. Alichukua chupa ya maji, akampulizia Kapita, kisha, kana kwamba mkono umeteleza, akampulizia Pitchou usoni.

Jumatatu asubuhi Shangazi Émérance alipanda nyuma ya Djafari. Mgongoni, mahali pa jembe, alikuwa amefungwa Seneta ndani ya kopo lake, kichwa kinachungulia juu ya kitenge kama mtoto anayetaka kuona njia. Shangazi alikuwa amekataa kabisa Seneta awekwe kwenye kapu la mizigo. Wamaza nzima, alisema, atawafundisha yeye kutofautisha mbegu na mdudu.

Pitchou akatoka mbio na jembe. "Shangazi! Umesahau!"

"Ndiyo, nimesahau."

"Hili hapa."

"Nimekwambia nimesahau, mwanangu. Mtu akisahau jembe, mwenye nyumba njo anamrudishia kwake." Akamgonga Djafari begani. "Na usilete hilo peke yake. Leta na hao wazee. Twende!"

Wiki tatu baadaye jembe lilikuwa bado limeegemea kinu, limefutwa na kupakwa mafuta, likingoja safari. Kati ya fujere kumi na tisa, kumi na saba zilikuwa zimefungua vichwa. Mama Mukubwa peke yake alisimamisha mikia mitano ya vinyonga, na katikati yake, bila aibu, iliota lengalenga nene, majani yake mekundu-mekundu, maana mbegu za Shangazi hazikusikia habari ya kuhamishwa. Pitchou aliipulizia maji sawa na wengine.

"We kinyozi," alisema mteja, povu kidevuni, akinyoosha mkono kuchuma. "Humu umeacha gugu limeota."

Mikasi ilisimama hewani.

"Mkono chini, ndugu. Hiyo ya bakwe, ya wakwe zangu wa Wamaza."